Unga wa Waziri

Huko Rhotia mwanamume akishaoa, jina lake la ubatizo halidumu. Mwaka haujageuka anakuwa Baba Fulani, mkewe anakuwa Mama Fulani, na siku padri akiwaita kwa majina ya kwenye cheti, watu wanaangaliana kwanza. Bartolomeo Qamara alikuwa ameoa muda wa kutosha kuwa na mtoto wa darasa la tatu, na bado aliitwa Bartolomeo. Mkewe aliitwa Hyasinta, basi, kama msichana.

Halafu mradi wa ng'ombe wa maziwa wa parokia ukaleta dume, na Bartolomeo akakabidhiwa alitunze. Lilikuwa dume jeusi lenye mabaka meupe, shingo nene, na mwendo wa kujisikia. Watu wakaliita Waziri. Siku chache tu baadaye mtu mmoja kilabuni akamsalimia Bartolomeo, "Habari za leo, Baba Waziri," na kilabu kizima kikacheka. Yeye naye akacheka, maana angefanya nini? Jina likashika kama kupe. Kuna dhambi ndogondogo ambazo watu hawaziungami kwa padri, na ile ilikuwa mojawapo.

Kazi ya kutunza dume la mradi ina heshima, lakini ina maneno. Kila kaya iliyopewa mtamba ilimleta kwa Bartolomeo apandishwe kwenye kizimba cha miti nyuma ya nyumba. Wanaume waliegemea zile nguzo wakisubiri Waziri amalize kazi yake, wakimpa sifa kwa sauti, na sifa zile zilikuwa na ncha. Mmoja akisema, "Huyu hana mchezo," mwingine ataongeza kwamba laiti ujuzi ungeambukizwa. Bartolomeo alikuwa akishika kamba na kutazama kwato. Usiku alijigeuza kitandani hadi Hyasinta akamwomba achague upande mmoja.

Na hakuwa akihangaishwa na vijembe peke yake. Mama yake, Veronika, aliyekuwa na nyumba yake palepale kwenye boma, alikuwa ametangaza kwamba mahindi yakishavunwa ukoo utakaa. Kila mtu alijua utakaa kwa jambo gani. Katika ukoo wao mke harudishwi kwao kimyakimya. Mume mwenyewe husimama mbele ya watu wake akataja kosa la mke kwa kinywa chake, ndipo neno lipelekwe kwa wakwe. Mama alikuwa ameshapata binti wa upande wa Mbulu, jina lake Blandina. Kilichobaki kilikuwa kinywa cha Bartolomeo.

Bartolomeo hakumtaka Blandina. Alimtaka Hyasinta. Alimtaka kwa sababu alikuwa akiimba akipalilia, na wimbo ukimpotea alitunga maneno ya kwake bila aibu. Alimtaka kwa sababu Hyasinta alijua hasira za mumewe zinapoanzia, akazizima kabla hazijafika mlangoni. Haya yote hakumwambia mama yake hata siku moja. Mtu mzima, masharubu kamili, anayeshika dume kwa pete ya pua, mbele ya mama yake anakosa sauti. Ndivyo wanaume wengi walivyo, wala tusimcheke yeye peke yake.

Hyasinta kwa upande wake alikuwa amekwisha kunywa kila kitu. Alikunywa mizizi aliyochemshiwa na bibi mmoja wa Kimaasai wa kule Endulen. Aliombewa. Alipelekwa Arusha kwenye zahanati ya mtu binafsi akasafishwa kizazi, na alipopona akapelekwa tena akasafishwa mara ya pili. Bartolomeo alimsindikiza safari zote, akambebea mkoba, akamnunulia soda. Manesi walipomuuliza kama yeye ameshapimwa, alisema yeye ni mzima, akakunja mikono ya shati wajionee.

Basi mwaka ule, wakandarasi wakitengeneza barabara ya lami ya kupandia Ngorongoro na vumbi likiwafuata watu hadi mezani, Waziri akaharibikiwa. Mitamba ilipandishwa kizimbani, ikarudi nyumbani, na baada ya wiki tatu ikawa inalia tena kutaka dume. Ikaletwa upya, na mambo yakawa yaleyale. Wenye ng'ombe wakanung'unika. Bartolomeo akawaambia kwa ukali kwamba ng'ombe wao wamekonda, kwamba wanawaleta siku zao zikiwa zimepita, kwamba mmoja ana kizazi kibovu na afadhali auzwe. Alisema hayo bila kupepesa macho. Kosa likiwa la dume ni kosa la mtunza dume, na yeye alishachoka kuwa na makosa.

Akaja bwana mifugo, Gideon, kijana wa Kilimanjaro aliyekuwa akipanda pikipiki kama anafukuzwa. Alimkagua Waziri, akaangalia anacholishwa, akatikisa kichwa. Mabua makavu tangu kiangazi kianze, alisema, na hakuna hata kipande cha jiwe la chumvi. Ng'ombe wa watu hawana kosa lolote. Dume limepungukiwa madini. Akarudi na gunia la unga wa kijivu na kijiko cha kupimia, akaonya kwamba kipimo ni kijiko kimoja kwa siku kwenye pumba, na kisizidishwe. Waziri akalishwa. Mvua zilipofika katikati manyoya yakang'aa, jicho likawa na moto, na mitamba iliyopandishwa ikaacha kulia. Yule aliyesemwa ana kizazi kibovu akashika mimba kabla ya wengine. Bartolomeo aliona hayo kwa macho yake, na yakamwingia.

Jumapili moja, baada ya misa, akatokea Mama Goodness wa Machame, aliyekuwa na kibanda Karatu mjini na wateja wake wengi wakiwa madereva wa magari ya watalii. Alisimama nje ya ukuta wa kanisa na makopo yake ya virutubisho. Kopo hili la presha, lile la viungo, na hili, akashusha sauti kidogo ili isikike vizuri zaidi, la wanaume. Alikuja na dereva wake wa kutoa ushuhuda, mtu aliyedai mkewe alikaa miaka bila kitu na sasa ana mapacha. Wanaume wa Rhotia wakatazama milima, masikio yakiwa yamesimama. Bartolomeo alilichukua lile kopo kama mtu anayemsomea mwenzake aliyesahau miwani. Zinki. Seleniamu. Vitamini E. Akalirudisha haraka. Kununua mbele ya kanisa? Hata uji wa mchana usingekuwa umepoa kabla habari hazijafika Karatu kwamba Baba Waziri ametafuta dawa.

Jioni akiwa anamtilia Waziri pumba, macho yake yakaangukia maandishi ya kwenye gunia. Yalikuwa ya Kiingereza, lakini mengine alishayasoma asubuhi. Akayafuata kwa kidole. Zinki. Seleniamu. Vitamini E.

Alisimama pale na ndoo mkononi hadi dume likamsukuma kwa pua. Dawa ilikuwa ni ileile. Tofauti ni kopo na gunia. Na kilichomfaa ng'ombe kitamdhuru vipi mtu? Maziwa yake tunakunywa, nyama yake tunakula, damu yake Wamaasai wanaichanganya na maziwa na ndio hao wanapita wima kama mikuki. Isitoshe, ushuhuda wa Waziri aliuona mwenyewe, hakusimuliwa na dereva. Akapiga hesabu kwamba dume lina uzito wa watu kama kumi wa mfano wake, kwa hiyo akachota kwa ncha za vidole tu, akaramba. Ulikuwa na chumvi na ladha ya chuma. Akajiona mjanja kuliko kanisa zima.

Wiki za kwanza alijisikia vizuri, au alijisikia vizuri kwa kuwa alikuwa na siri. Lakini mahindi hayamsubiri mtu. Yalichanua, yakabeba, Hyasinta hakubadilika kitu, na kila asubuhi Veronika alikuwa akipita pembezoni mwa shamba akiyakagua mahindi kama mtu anayetazama saa. Ncha za vidole zikawa nusu kijiko. Nusu kijiko kikawa kijiko. Haraka haraka haina baraka, sawa, lakini kamwambie hayo mtu ambaye mama yake ameshamtafutia mchumba.

Aliyegundua mabadiliko ya kwanza alikuwa Hyasinta, na aliyagundua vibaya. Mumewe alianza kunuka kitunguu saumu. Kilikuwa kwenye pumzi, kwenye jasho, kwenye shati alilovua. Akamuuliza amekula wapi. Bartolomeo akasema amekula nyumbani, angekula wapi pengine? Hyasinta hakuamini, kwa sababu nyumbani alikuwa amepika makande na mbaazi, na kitunguu saumu hakikuingia jikoni mwake mwezi mzima. Wanawake wa pale waliokuwa na harufu ile walikuwa wale wanaopika kwenye hoteli za watalii kule juu ya vilima. Kila mtu aliwajua kwa harufu wakishuka jioni.

Basi akaunganisha mambo. Mume aliyekuwa akihangaika sasa ana siri, anatoka alfajiri kabla hajaitwa, anarudi akifuta mdomo. Ukoo uko karibu kukaa. Kuna mwanamke, na mwanamke huyo anampikia. Hyasinta akaacha kuimba shambani. Bartolomeo aliusikia ule ukimya kuliko alivyokuwa akiusikia wimbo. Siku moja, wakitwanga mtama uani, alimwambia bila kuinua macho, "Kama umempata wa kukuzalia, niambie mimi kwanza. Nisiambiwe kwenye kikao." Bartolomeo akafungua kinywa. Angesema nini? Kwamba hakuna mwanamke, bali gunia? Akasema hakuna mtu, na pumzi yake ikamfikia mkewe usoni ikimwumbua.

Wakati huo kucha zake zilikuwa zimeanza kuota mistari meupe na kuchanika zikigusa kamba. Nywele zilibaki kwenye kofia. Tumbo lilimchafuka. Alidhani dawa inafanya kazi, kwamba inafukuza kitu.

Asubuhi moja Hyasinta akaaga kwamba anakwenda mashineni kusaga. Alifika penye mti wa pili njiani, akalitua debe lake, akarudi kwa njia ya nyuma. Alikuwa ameshajiandaa, maneno yote yakiwa mdomoni, ya kumwambia huyo mwanamke na ya kumwambia huyo mwanamume. Akachungulia bandani. Hapakuwa na mwanamke. Palikuwa na dume, na gunia, na mumewe amesimama na kijiko mdomoni, unga umemganda kwenye masharubu, na Waziri akimtazama kutoka upande wa pili wa hori.

Hyasinta akakaa kwenye ukingo wa hori. Akauliza ni tangu lini. Akaambiwa tangu palizi. Akamshika mkono akatazama kucha moja baada ya nyingine, halafu akacheka. Alicheka kwa raha kabisa, kwa sababu hakuna mwanamke, na katikati kicheko kikaharibika.

"Unakula cha ng'ombe ili usiende hospitali," alisema. "Mimi nimelazwa chali mbele ya wanaume nisiowajua. Wewe unajificha bandani. Mficha uchi hazai, Bartolomeo. Kesho tunakwenda."

Wakaenda hospitali ya misheni. Daktari alikuwa mama mmoja wa Bukoba, mtu wa umri wa kuheshimiwa, ambaye hakucheka alipoelezwa, ila aliomba waeleze tena polepole. Akanusa pumzi ya Bartolomeo, akatazama kucha, akamweleza kwamba seleniamu mwili unaitaka chembe tu, na ikizidi ni sumu, na harufu ile ya kitunguu saumu ndiyo dalili yake. Aache leo. Nywele zitarudi. Bartolomeo akashukuru na kusimama aondoke, kama mtu aliyekuja kwa ajili ya kucha. Daktari akampa kikopo.

Kikopo kile alikiogopa kuliko pembe za Waziri. Alikwenda nacho, akarudi nacho kitupu, akatoka nje akazunguka mti, akaingia tena. Watu waliokaa kwenye benchi walianza kumwonea huruma wakidhani anaumwa tumbo. Hatimaye akaweza, kwa kufumba macho na kumfikiria Hyasinta akiimba, na hilo liwe siri yake na Mungu.

Siku ya majibu, Alhamisi, daktari alimwita peke yake. Alimuuliza kama aliwahi kuugua matubwitubwi. Bartolomeo akakumbuka: shuleni, akiwa kijana anayeanza kuota ndevu, mashavu yalivimba, halafu uvimbe ukashuka chini, akabebwa hadi nyumbani kwa sababu hakuweza kutembea. Daktari akaitikia kwa kichwa. Alimwambia kwamba wametazama kwenye hadubini, wakarudia, na hawakuona mbegu hata moja.

"Virutubisho kazi yake ni kujaza kilichopungua," alisema. "Dume lako lilipungukiwa, likajazwa. Wewe hukupungukiwa kitu, baba. Kwako pale pa kutengenezea paliungua zamani. Hata ungemaliza ghala zima." Akafunga faili. "Mkeo yuko nje. Nimwambie mimi, au utamwambia mwenyewe?"

"Nitamwambia mwenyewe."

Akatoka. Hyasinta akainuka kwenye benchi, uso wake wote ukiwa swali. Bartolomeo akasema unga ni sumu, ameambiwa aache, na yale mengine daktari bado anayaangalia. Wakarudi nyumbani, yeye akitembea mbele kwa haraka, kama kuna kitu kimeachwa jikoni.

Hakulala. Kesho yake akaenda kwa mama yake, akifikiri labda kikao, kilichopangwa Jumapili kwa kuwa mahindi yalishavunwa, kinaweza kuzuiwa kimyakimya. Veronika alikuwa akipepeta maharage mlangoni. Bartolomeo akamweleza yote, hadubini na matubwitubwi, akiangalia ungo. Ungo haukusimama.

"Najua," mama yake alisema.

Alijua tangu siku ile alipoletwa nyumbani amebebwa. Nesi alimwambia kwamba kijana akivimba hivyo anaweza asizae. Veronika alimwomba Mungu nesi awe amekosea, na Mungu alipochelewa kujibu, akaanza kujipangia mwenyewe. Blandina alikuwa na mimba changa. Mwanamume mwenyewe alikimbilia machimboni Mererani, na wazazi wa binti walitaka jambo lisitirike upesi. Angekuja sasa, angejifungua hapa, mtoto angekuwa wa Bartolomeo, na nani angehesabu miezi? Alichotakiwa Bartolomeo ni kusimama Jumapili na kusema neno moja, kwamba Hyasinta hazai, ambalo kila mtu ameshalisema.

"Na Hyasinta?"

"Hyasinta ni mwema," Veronika alisema, na alimaanisha. "Lakini Hyasinta siye niliyemzaa."

Bartolomeo aliondoka pale. Miaka yote alidhani mama yake anamchukia mkewe. Kumbe alikuwa akimpenda mwanawe, na upendo ule ndio uliokuwa ukimsaga Hyasinta kama mahindi mashineni. Ingekuwa chuki angeweza kuikasirikia.

Jumamosi ilikuwa siku mbaya kuliko zote. Alitengeneza ua ambao haukuwa umeharibika. Akashuka barabarani kutazama mitambo ya lami, akarudi bila kujua ameona nini. Akapanga foleni ya kitubio, na ilipofika zamu yake akakumbuka ng'ombe hajanywa maji. Maana tusimpambe: alishawishika. Alimwona yule mtoto. Alimwona akikimbia uani na kaptura isiyo na vifungo, akasikia watu wakimwita yeye Baba wa mtoto, wa mtoto kabisa, na moyo wake ukapenda. Hakuna ambaye angejua. Daktari ana wagonjwa wengi, mama hatasema, Blandina hatathubutu. Kingelipwa kitu kimoja tu, na kitu hicho kilikuwa jikoni kikimpikia chai.

Jumapili ukoo ukakaa. Walikuja kaka zake na wajomba, na baba yake mkubwa, Lazaro, ndiye aliyeongoza. Hyasinta alikuwa jikoni akiwapikia chai watu waliokuja kumfukuza. Alikuwa ameshafunga mzigo wake, kanga na sufuria mbili alizokuja nazo, akauweka nyuma ya mlango ili asije akautafuta mbele yao. Lazaro alizunguka kwanza kwenye mvua na bei ya mbaazi, kama ilivyo adabu, kisha akamwambia Bartolomeo asimame ataje kosa la mke.

Akasimama. Alitazama mikono yake, kucha zilizochanika, akaona hakuna mahali pengine pa kutazama ila kwenye nyuso zao.

"Hyasinta hana kosa," alisema. "Asiyezaa ni mimi. Nimepimwa."

Kukawa na kelele. Mjomba mmoja alisema huyu amechanganywa na ule unga, kumbe habari zilishasambaa. Lazaro akamwamuru akae chini apumzike. Bartolomeo hakukaa. Akasema tena, na safari hii akaweka na matubwitubwi na hadubini na uvimbe ulikoshukia, mpaka kaka zake wakainamisha vichwa. Veronika akajifunika kitenge usoni. Alilokuwa akilijua yeye, na habari za Blandina, Bartolomeo hakuyataja. Hayo aliyameza, na ndiyo machungu aliyobaki nayo.

Alipogeuka, Hyasinta alikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Haijulikani alifika wakati gani. Alilitua sinia taratibu bila kumwaga.

"Umejua lini?"

"Alhamisi."

"Leo Jumapili," Hyasinta alisema.

Hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu. Alisema yeye amesafishwa kizazi mara mbili, na mara ya pili alitoka damu hadi akadhani anakufa, na aliyekuwa akimshikia mkono alikuwa huyu huyu aliyeogopa kikopo. Alisema anajua mama mkwe, hata kabla ya kikao, ameshatuma watu Endabash kwa baba yake, kwamba binti anarudishwa kwa kuwa hazai. Sasa hivi kule wanamsubiri mgumba. Akaingia ndani, akatoka na mzigo wake.

"Hapa umesema," alimwambia mumewe. "Twende ukaseme na kule."

Wakapata lori la mahindi hadi njia panda, iliyobaki wakatembea. Hyasinta mbele na mzigo kichwani, Bartolomeo nyuma. Aliomba ambebee. Hyasinta akaongeza mwendo. Aliomba msamaha pia, mara kadhaa, kwa mgongo wa mtu anayetembea.

Mzee Josephati, baba yake Hyasinta, aliwakuta wakiingia uani. Alikuwa ameshahamisha magunia kutoka stoo na kutandika kitanda humo. Akamtazama mkwewe kwa uso wa mtu aliyejiandaa kuvumilia. Akamuuliza, kwa utaratibu wa wakwe, ni kosa gani ameliona kwa binti yake. Bartolomeo akavua kofia, kichwa chenye mabaka kikaonekana, akasema binti hana kosa, asiyezaa ni yeye, amepimwa.

Mzee akatazama nyuma ya nyumba. Kisha akasema, "Mama yake hakusikia. Yuko nyuma, anakamua. Ngoja aje umwambie."

Akaja mama mkwe na kibuyu, akasimama. Bartolomeo akasema tena. Mama yule alikuwa ameacha kwenda sala za jumuiya tangu mwaka juzi, kwa sababu ya maswali kuhusu bintiye. Akamsikiliza mpaka mwisho, akaweka kibuyu chini, akamwita jirani yake aliyekuwa akichuma mboga ng'ambo ya ua. "Na huyu mwambie," alisema. "Huyu ndiye aliyekuwa ananiuliza." Jirani akaja akifuta mikono, hajui anaitiwa nini. Bartolomeo alimtazama mkewe amwokoe. Hyasinta alitazama pembeni. Basi akasema tena, mbele ya mwanamke asiyemjua.

Hapo ndipo Hyasinta alipolia. Alikaa chini kwenye vumbi, palepale uani kwao, akalia kwa sauti, na mama yake hakumnyamazisha. Jirani akarudi kwenye mboga zake.

Alipotulia, Josephati akamuuliza, "Wewe mwanangu, unataka nini?"

Hyasinta akamtazama baba yake kama hakuelewa. Bartolomeo naye alisubiri, na akatambua kwamba swali hilo yeye mwenyewe hajawahi kumuuliza mkewe, wala Arusha, wala nyumbani, wala siku alipombebea mkoba.

"Sijui," alisema Hyasinta. Akajifuta uso kwa kanga. "Leo nataka kulala hapa. Nilale kama mtu mzima, asiye na ugonjwa. Mengine nitayafikiria." Kisha akamgeukia mumewe kwa mara ya kwanza tangu Rhotia. "Wewe nenda. Usije kunichukua. Nikitaka, njia naijua."

Bartolomeo akaaga wakwe kwa heshima, akavaa kofia yake, akashika njia. Pale kwenye kona ya shamba alisimama akageuka. Hyasinta alikuwa ameshaingia ndani na mama yake, na mlango ulikuwa wazi, lakini hakuna aliyekuwa akimtazama.